Kuenea na Kueneza

Mwanafunzi aliyepoteza kalamu aghalabu husema, "Kalamu yangu imepotea." Ni nadra kumsikia akisema, "Nimeipoteza kalamu yangu." Maneno haya mawili yamechipuka katika shina moja, lakini la pili humtaja mtu na la kwanza humficha. Kwa kauli ya mtoto huyu, kalamu ilishika njia yake yenyewe ikaenda zake, na mwenyewe hana la kujibu. Mwalimu hucheka, akampa nyingine, na jambo likaisha.

Lugha yetu ina jozi nyingi za namna hii. Kuna kupotea na kupoteza, kuna kutembea na kutembeza, na kuna kuenea na kueneza. Jozi hii ya mwisho ndiyo nikuombayo, msomaji, tuipime pamoja. Imekuwa ikitumiwa pasipo uangalifu vitabuni, magazetini na katika mazungumzo, na hasara ya kuitumia vibaya ni kubwa kuliko hasara ya kalamu.

Tuanze na kazi ya mfasiri. Waingereza wana neno moja, propagation, ambalo lina nyumba nyingi. Utalikuta katika kitabu cha kilimo likitaja njia za kuzidisha mimea. Utalikuta katika kitabu cha fizikia likitaja mwendo wa nuru na sauti. Utalikuta katika historia likitaja kazi ya wahubiri wa dini, na katika habari za siasa likitaja kazi ya wenye fitina. Mfasiri mvivu huandika "uenezi" mahali pote alionapo neno hilo, akadhani kazi imekwisha. Msomaji wake hupata uenezi wa mihogo, uenezi wa nuru, uenezi wa dini na uenezi wa uwongo, kana kwamba mambo haya manne ni watoto wa tumbo moja. Nasema kwamba mfasiri huyo amelidhulumu neno letu na amemdhulumu msomaji wake, nami nitajaribu kukuonyesha sababu.

Neno la Waingereza asili yake ni shambani. Katika Kilatini, propago lilikuwa jina la kitawi au chipukizi ambalo mkulima wa mizabibu hulilaza udongoni lipate mizizi, liwe mmea mpya. Kutoka shambani neno lilihamia kanisani. Mwaka 1622 Papa Gregory XV aliunda mjini Roma baraza la kusimamia kazi ya misheni katika nchi za mbali. Jina la baraza hilo kwa Kilatini lilikuwa Sacra Congregatio de Propaganda Fide, na ndani yake mlikuwa na maana ya imani ipasayo kuenezwa. Baraza lilibadilishwa jina mwaka 1967, lakini zamani kabla ya hapo neno propaganda lilikuwa limekwisha kutoka mlangoni mwa kanisa. Lilikuwa limeingia katika siasa na vita, likawa jina la maneno yanayopikwa ili kuwavuta watu upande mmoja bila kuwaachia nafasi ya kufikiri. Sisi tulilipokea likiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili alisikiapo neno propaganda hamkumbuki mkulima wala mhubiri, humkumbuka mwongo.

Neno letu lina nasaba nyingine. Mkulima wetu hahitaji kuazima neno "kueneza" kwa kazi ya kuzidisha mimea, maana ana maneno yake mwenyewe na yote ni ya mkononi. Hupanda mbegu, huatika miche, hukata pingili za muhogo na za muwa, hung'oa machipukizi ya mgomba akayapandikiza mahali pengine. Ukimwambia kwamba anaeneza muhogo, ataelewa kwamba anaupeleka kwa watu wengine wapate kuulima. Kuzidisha mmea ni kazi ya jembe na kisu. Kuueneza ni kazi ya mtu na jirani yake.

Mfano wa mkonge utatusaidia kuiona tofauti hii. Mwaka 1893 mtaalamu mmoja wa kilimo, Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, iletwe katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara. Miche 1,000 ilianza safari. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Lakini mkonge hauhitaji kungojea mbegu. Mlingoti wake ukisimama huzaa vitoto vidogo vingi, na chini ya shina huota machipukizi. Vyote hivi ni mwili uleule wa mama uliojigawa. Kwa njia hiyo miche michache ilizidi hata ikawa mashamba makubwa yaliyoipatia nchi fedha kwa miaka mingi. Mkonge ulijizidisha wenyewe kwa tabia yake. Lakini haukuvuka bahari kwa miguu yake. Mtu aliuandikia barua, mtu aliupakia melini, mtu aliupanda. Neno la kwanza lamfaa mkonge, na neno la pili lamfaa Hindorf. Ukisema tu kwamba "mkonge ulienea Afrika Mashariki," umesema kweli nusu.

Sasa tazama muhogo, kwa maana hapa kweli nusu huleta njaa. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulivuka bahari kuja Afrika kwa mikono ya Wareno. Una ugonjwa uitwao batobato, ambao hukunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, na mazao yakapungua. Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi hiyohiyo ambayo sasa ni Tanzania. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, walishughulika kupata mihogo yenye nguvu ya kuukinza. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, na katika miaka ya 1990 ikaingia magharibi ya Kenya na kuharibu mashamba ya watu wengi ambao muhogo ndio uliokuwa akiba yao.

Batobato hupita njia mbili. Njia ya kwanza ni nzi mweupe, mdudu mdogo afyonzaye jani lenye ugonjwa akarukia jani zima. Njia ya pili ni pingili. Mkulima humwomba jirani yake pingili za kupanda, jirani humpa kwa moyo mwema, na ndani ya pingili mna ugonjwa usioonekana bado. Aombaye hupewa mmea na maradhi yake kwa pamoja, akashukuru kwa vyote viwili. Katika njia ya kwanza ugonjwa umeenea, kwa maana nzi hakutumwa na mtu. Katika njia ya pili ugonjwa umeenezwa, tena na mtu mwema. Angalia sasa faida ya kuyatenga maneno haya mawili. Dawa ya kuenea ni kutafuta mihogo inayoweza kuukinza ugonjwa. Dawa ya kueneza ni kumfundisha mtu kuchagua pingili safi na kukataa kugawa asizozijua. Mwandishi aandikaye kwamba "ugonjwa umeenea" na kunyamaza hapo, amemwacha mkulima akimtazama nzi, hali pingili anayo mkononi.

Usije ukadhani, msomaji, kwamba nalilaumu neno "kuenea." Mahali pake lina haki kamili, na pazuri kupita pote ni katika fizikia. Siku moja ukipata nafasi, simama kando ya kidimbwi kilichotulia, uone jani linaloelea, kisha utupe kijiwe karibu nalo. Duara za mawimbi zitatoka pale kijiwe kilipoangukia, zitapanuka mpaka ukingoni. Jani litapanda na kushuka, lakini halitachukuliwa mpaka ukingoni pamoja na wimbi. Maji yamebaki karibu na mahali pake. Kilichokwenda ni mtikiso. Sauti nayo ni vivyo hivyo. Mwalimu akisema mbele ya darasa, pumzi yake haifiki kwa mwanafunzi wa nyuma, ila mtikiso wa hewa hupokezanwa mpaka sikioni pake, kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kitabu cha sayansi kinachosema kwamba mawimbi "huenea" kimesema vema. Kinachosema kwamba maji "husafiri" mpaka ukingoni kimemfundisha mtoto kosa.

Lakini mwendo huu wa mawimbi unatuleta katika jambo zito. Mbegu ikitoka mkononi mwa mtu humpungukia mwenyewe. Pingili ikikatwa, mti huwa na jeraha. Neno likitoka kinywani halimpunguzii msemaji chochote. Yeye hubaki pale alipo kama kijiwe chini ya kidimbwi, na huku mtikiso wake unawafikia watu asiowajua. Tangu redio ilipopatikana, mtu mmoja katika chumba kimoja aweza kutikisa nchi nzima; na tangu simu za mkononi zilipoenea, kila mmoja wetu ana kidimbwi chake na kijiwe chake. Hapo ndipo mtu apendapo kusema kama yule mtoto wa kalamu, "Uvumi umeenea." Umeeneaje? Uvumi hauna miguu, hauna mabawa, wala hauna mlingoti wa kuzaa vitoto. Hauendi hatua moja pasipo ulimi au kidole cha mtu.

Wazee wetu walilijua jambo hili, ndiyo maana walitupa jozi nyingine: kuvuma na kuvumisha. Ngoma huvuma na upepo huvuma. Habari huvumishwa. Kila neno la uvumi lina mvumishaji wake, naye ana jina hata kama halijulikani.

Mfano wa kutisha u jirani nasi. Nchini Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kusikika mwaka 1993. Ilipiga muziki uliopendwa na vijana, ikafanya mzaha, na katikati ya muziki na mzaha iliwaita Watutsi mende. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, ilichochea watu kuua. Baadaye wengi walisema kwamba katika siku zile chuki ilikuwa imeenea nchini. Maneno hayo si ya uwongo, lakini ni maneno ya kalamu iliyopotea. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha haikutosheka nayo. Iliuliza ni nani aliyeieneza chuki hiyo, na mwaka 2003 ikawatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti moja. Rufani ilipunguza baadhi ya makosa yao mwaka 2007, lakini haikuwafutia hatia. Msingi wa hukumu ulikuwa ndiyo maana ninayokufundisha hapa: aliyeketi mbele ya kipaza sauti ni mtenda, hata kama mkono wake haukushika panga.

Sisi wa Kenya hatuna haki ya kumnyoshea jirani kidole. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa nchini mwetu na wengine wengi sana walikimbia makwao, na katika siku zile maneno ya chuki yalipita katika simu, katika karatasi na katika redio. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayokataza maneno ya namna hiyo. Sheria ni jambo jema. Lakini kabla ya sheria kuna lugha, na lugha ikizoea kusema "ghasia zilizuka," "chuki ilienea," "uvumi ulisambaa," huwazoeza watu kufikiri kwamba maovu huja kama mvua. Mvua haina mshitakiwa.

Nimekwisha kulaumu, na si haki kulaumu bila kusifu. Katika neno hili hili "kuenea" mna maana nyingine ambayo neno la Waingereza halina. Ukifika katika nyumba ya karamu, utamsikia mama wa nyumba akiuliza, "Je, wali umewaenea wageni?" Haulizi kama wali umetapakaa ukumbini. Auliza kama umewatosha, kama kila mmoja amepata sehemu yake. Na fundi cherehani akimvika mtu kanzu mpya, akirudi nyuma kidogo kuitazama, husema, "Imekuenea." Maana yake ni kwamba kanzu imemkaa vema, haikumbana wala haikumpwaya. Basi kuenea kwetu si kufika mahali pengi tu. Ni kumfikia kila mtu, kumtosha na kumfaa. Mwenye kutawanya hana wajibu huo, na mwenye kusambaza hana. Mwenye kueneza anao.

Kwa kipimo hiki tukipime Kiswahili chenyewe, kwa kuwa hakuna maneno tupendayo kuyasema majukwaani kama "kukieneza Kiswahili." Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, na lahaja ya Unguja ikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 kamati iliundwa kuisimamia kazi hiyo. Faida yake hatuwezi kuikana: leo kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam husomwa Kisumu bila mkalimani. Lakini hii ilikuwa kazi ya pingili, si ya mbegu. Tawi moja lilikatwa likapandwa kila mahali, na mashamba yote yakafanana kama mkonge. Kimvita, lahaja ya Mombasa ambayo Muyaka bin Haji aliitungia mashairi katika karne ya 19, kilibaki pembeni, na mtoto wa Mombasa alijikuta akisahihishwa shuleni kwa lugha ya babu zake. Kiswahili sanifu kilimfikia mtoto huyo. Sina hakika kwamba kilimwenea.

Tangu hapo Kiswahili kimezidi kwenda mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tulishangilia, na kushangilia kulikuwa haki. Lakini sheria zetu nyingi zingali zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi anayesimama mahakamani aweza kusikia mambo yake yakijadiliwa katika lugha asiyoijua sawasawa. Lugha yetu imeenea duniani kabla ya kuwaenea wenyewe nyumbani. Wali umepita mbele ya wageni wa mbali, na watoto wa nyumba hawajashiba. Mtu akikuambia kwamba kueneza Kiswahili ni kuhesabu nchi ambazo husikika, mjibu kwamba hilo ni jambo jema, ila bado ni nusu ya neno.

Haya basi, msomaji, sikukuletea uchunguzi huu ili uwe mshindani wa maneno mezani. Nimeuleta kwa sababu utaandika insha, utasoma magazeti, na yamkini siku moja utakuwa mwandishi wa habari, mwalimu, mganga au hakimu. Kila utakapokuta kwamba jambo fulani limeenea, simama kidogo uulize kama lilienea au lilienezwa. Kama lilienezwa, mtafute aliyelieneza, hata ukiogopa kwamba utalikuta jina lako mwenyewe. Kisha uulize kama limewaenea watu au limewafikia tu.

Na jioni ya leo, mtu akikuletea habari ya kushtusha kuhusu kabila fulani au mtu fulani, nawe ukaona kidole chako kikitaka kuipeleka mbele, ikumbuke pingili ya muhogo. Jirani aliyeigawa hakuwa mtu mbaya. Aligawa tu kile ambacho hakukichunguza.